Tone la Kliniki na Swali Waliloulizwa Akina Mama

Kila mama aliyepata kumpeleka mtoto kliniki hapa kwetu pwani anakijua kile kidonge laini chenye mafuta ndani yake. Muuguzi hukikata ncha kwa mkasi, akamshika mtoto mashavu, akamminyia matone kinywani. Mtoto hukunja uso kwa ladha asiyoizoea, wengine hulia. Kisha muuguzi huandika tarehe katika kitabu cha kliniki na kumwita anayefuata. Jambo lenyewe halichukui hata dakika moja, na pengine kwa sababu hiyo mama hatoki pale akiwa na la kusimulia nyumbani.

Wengi huyaita matone hayo "dawa ya macho". Hawakukosea. Lakini hiyo ni nusu ya habari tu. Nusu ya pili ilimchukua daktari mmoja wa macho, Mmarekani aitwaye Alfred Sommer, miaka mingi kuifikia, na miaka mingine kuwafanya wenziwe waiamini. Juma hili tumependa kuisimulia kazi ya mtu huyu kwa urefu kidogo, kwa kuwa sehemu kubwa ya elimu yake aliipata kwa akina mama wa vijijini, wengi wao Waislamu kama nyinyi mnaotusoma.

Tuna sababu yetu ya kulichagua somo hili, wala si sababu ya kujivunia. Zaidi ya miaka 30 iliyopita, katika ujana wetu, tulikuwa tukimsaidia mwalimu wetu kusomesha wadogo chuoni. Palikuwa na mtoto wa miaka mitano hivi, hodari asubuhi na mzito jioni. Asubuhi alikimbia na wenziwe, akadaka mpira, akaisoma alifu yake bila kukwama. Baada ya magharibi, chuo kikiangazwa na kandili moja, aliupapasa ukuta, akakanyaga vitabu vya wenziwe, na wakati wa kutoka hakujua viatu vyake viko wapi hata vikiwa mbele ya miguu yake. Watoto walimcheka. Sisi tulimkaripia, zaidi ya mara moja, tukidhani ni mzaha. Mama yake alipopata habari alikuja mwenyewe, akasimama mlangoni na buibui lake, akasema: "Maalim, mwanangu jua likichwa haoni." Tukamjibu kwamba huo ni utoto, atalizoea giza. Alinyamaza kidogo, akaitikia, akaenda zake.

Miezi michache baadaye surua iliingia mtaani, na mtoto yule akawa miongoni mwa waliokwenda nayo. Tulimswalia, tukamzika. Ajali iko mikononi mwa Mwenyezi Mungu, hilo hatuna shaka nalo. Lakini jawabu tulilompa mama yake lilikuwa letu.

Sasa na tuanzie ndani ya jicho lenyewe. Nyuma kabisa ya jicho umetandazwa utando mwembamba mno uitwao retina, na juu yake ndipo picha ya kila tunachokitazama huangukia. Utando huo una chembe hai za namna mbili zinazopokea mwanga. Za kwanza hufanya kazi mwanga ukiwa mwingi, nazo ndizo zinazotujulisha rangi. Za pili, zenye umbo la vijiti, ni nyingi zaidi, na kazi yake ni kuona penye mwanga haba: alfajiri, magharibi, chumbani mwenye taa ndogo. Vijiti hivyo vina rangi ya wekundu wa zambarau iitwayo rodopsini. Mwanga ukiigusa, rangi hupauka, na kule kupauka ndiko kunakoanzisha habari inayokwenda kwenye ubongo. Kisha rangi haina budi itengenezwe upya, na haitengenezeki bila vitamini A.

Aliyeikuta vitamini hiyo ndani ya retina ni George Wald, mwaka 1933, alipokuwa kijana mtafiti aliyetoka Marekani kwenda kujifunza Berlin. Mwaka 1967 alishiriki Tuzo ya Nobel kwa kazi yake juu ya macho. Hata jina la kitaalamu la vitamini A, retinoli, limetokana na retina. Mwili haujitengenezei vitamini hii. Huipata katika chakula na kuiweka akiba ndani ya ini. Akiba ikipungua, vijiti vya retina ni miongoni mwa vya kwanza kuona njaa. Mtoto wa namna hiyo mchana huona kama mwingine yeyote. Jua likichwa, dunia humfungia.

Ugonjwa wenyewe si mpya. Wamisri wa kale waliutibu kwa ini la mnyama, na matabibu wa Kiyunani vivyo hivyo. Waarabu wana neno lake mahususi, al-asha, na waliosoma fasihi ya Kiarabu watamkumbuka mshairi Maymun bin Qays, ajulikanaye zaidi kwa lakabu ya al-A'sha kwa sababu ya udhaifu wa macho yake. Kutoona usiku kwa upungufu wa vitamini huondoka kwa siku chache mgonjwa akiipata. Akiachwa, weupe wa jicho hukauka na kutokeza mabaka kama povu la sabuni. Na mwisho kioo cha mbele cha jicho hulainika na kuyeyuka, pengine kwa muda wa siku moja au mbili. Hapo mtoto amekwisha kuwa kipofu wa maisha.

Hadi miaka ya 1970, tabibu aliyeutazama ugonjwa huu alikuwa akihofia hilo moja: upofu. Sommer naye alianzia hapo hapo.

Alizaliwa New York mwaka 1942, akahitimu udaktari katika Chuo Kikuu cha Harvard mwaka 1967. Hakufungua zahanati ya mjini. Alikwenda Dhaka, katika nchi iliyokuwa bado ikiitwa Pakistani ya Mashariki, kwenye maabara ya utafiti wa kipindupindu. Novemba 1970 kimbunga kiliipiga pwani ya nchi ile, kikaua watu kwa mamia ya maelfu. Sommer na wenziwe walivizunguka vijiji vilivyosombwa na maji, wakiwahesabu waliobaki na kuwauliza juu ya waliokufa. Hapo alijifunza kazi ambayo haina sifa kubwa miongoni mwa madaktari, nayo ni kuhesabu watu kwa uangalifu, nyumba kwa nyumba. Aliporudi kwao akasomea elimu ya kuenea kwa maradhi na utabibu wa macho, vyote viwili, katika Chuo Kikuu cha Johns Hopkins mjini Baltimore. Ni mchanganyiko wa nadra: fani moja hutazama jicho moja kwa darubini, nyingine hutazama wilaya nzima kwa daftari.

Mwaka 1976 akaenda Indonesia, kwa kazi iliyosimamiwa na serikali ya nchi ile pamoja na jumuiya yenye jina la Helen Keller, yule mwanamke wa Kimarekani aliyekuwa kipofu na kiziwi. Makao yao yalikuwa Bandung, Java ya Magharibi. Wenyeji aliofanya nao kazi, kama Ignatius Tarwotjo, majina yao yamo pamoja na lake katika makala nyingi zilizotokana na kazi ile, na ni haki yatajwe. Kazi waliyopewa ilikuwa nyepesi kuitaja: kujua ni watoto wangapi wanaopofuka kwa kukosa vitamini A, kwa nini, na vipi wazuiliwe.

Lakini utamjuaje mtoto asiyeona usiku? Mtoto wa miaka miwili hawezi kusomeshwa herufi ukutani. Kupima damu kulihitaji sindano, barafu na maabara. Kumfungia mtoto katika chumba cha giza na kumtazama anavyojikwaa ni jambo lisilowezekana kwa maelfu ya watoto, tena si la ubinadamu. Jawabu lilikuwa tayari vijijini. Watu wa huko wana jina lao la ugonjwa huu, *buta ayam*, maana yake upofu wa kuku, kwa kuwa kuku jua likichwa haoni, hutulia alipo. Wakaanza kuwauliza akina mama swali moja la kawaida, kwa neno la kwao wenyewe: je, mtoto wako ana upofu wa kuku?

Mama aliyekuwa na mtoto wa namna hiyo hakuhitaji kufafanuliwa. Alikwisha kumwona mwanawe akijikunyata pembeni kila jioni, hachezi, hataki kutembea. Akimwekea chakula humshika mkono na kuuelekeza sahanini. Watafiti, kama ilivyo desturi yao, hawakuridhika na maneno. Walipima damu za watoto ambao mama zao walisema hawaoni usiku, wakazilinganisha na za wengine. Mama walikuwa wamesema kweli. Mwaka 1980 Sommer na wenziwe walichapisha makala iliyoonyesha kwamba neno la mama ni chombo cha kuaminika cha kuutambua ugonjwa huu. Katika yote tuliyoyasoma juu ya mtu huyu, hapa ndipo tulipoweka kitabu chini na kukaa kimya kwa muda.

Jambo jingine walilolithibitisha katika miaka hiyo lilikuwa la tiba. Ilikuwa ikiaminika kwamba mtoto aliyekwisha kuumwa macho kwa upungufu huu hana budi adungwe sindano. Wao wakaonyesha kwamba matone ya kinywani hufanya kazi sawasawa na sindano. Bila ya hilo, leo muuguzi wetu asingekuwa na mkasi mkononi bali bomba la sindano, na mama wengi wangekimbia.

Sehemu kubwa ya kazi ilikuwa kufuatilia watoto wa vijiji sita vya Java ya Magharibi. Daktari wa macho, daktari wa watoto na mtaalamu wa lishe walirudi kila baada ya miezi 3, kwa muda wa miezi 18, wakiwapima watoto walio chini ya miaka 6, wastani wa watoto 3,481 kila safari. Kila ziara daftari ilijazwa: huyu anaona usiku, huyu haoni, huyu ana mabaka, huyu hayupo tena. Nia ilikuwa kujua macho ya nani yataharibika.

Baadaye, akiwa amerudi Baltimore, Sommer aliyapitia madaftari yale na kuona jambo ambalo hakuwa akilitafuta. Watoto wasioona usiku walikuwa wakitoweka katika orodha kuliko wenzao. Hawakuhama. Walikufa. Katika miezi ile 18 walikufa watoto 132, na 24 kati yao, katika kipimo cha mwisho kabla ya kufa, walikuwa na dalili hizi nyepesi za macho, ilhali wenye dalili hizo walikuwa chini ya 5 katika kila watoto 100 wa vijiji vile. Kwa hesabu ya wastani, walikufa mara 4 zaidi ya watoto wenye macho mazima. Katika baadhi ya umri, mara 8 hadi 12. Tena kadiri macho yalivyozidi kuathirika ndivyo vifo vilivyozidi. Na hata walipotenganishwa watoto waliokonda na wenye miili mizuri, tofauti ilibaki pale pale.

Tafsiri yake ni nzito. Mtoto anayepapasa ukuta baada ya magharibi haumwi macho peke yake. Vitamini ile ile inayokosekana katika retina yake inakosekana pia katika ngozi laini inayofunika koo, mapafu na matumbo kwa ndani, ambayo ni ukuta wa mwili dhidi ya vijidudu. Ukuta ukikauka hupasuka. Kuhara ambako mtoto mwingine angekushinda kwa siku tatu, huyu humlaza. Na surua humwangusha kabisa. Jicho lilikuwa likisema mapema habari ya mwili mzima.

Makala ilitoka mwaka 1983 katika jarida la *The Lancet* la London, mojawapo ya majarida makubwa ya utabibu duniani. Wengi hawakuitikia, na walioitikia walitia shaka. Nasi tukiri kwamba shaka yao ilikuwa na hoja. Mtoto anayekosa vitamini A kwa kawaida ni mtoto wa maskini: hukosa pia maziwa, maji safi, dawa na pengine hata chandarua. Utajuaje kwamba kilichomwua ni kukosa vitamini, wala si huo umaskini wenyewe? Hakuna daftari linaloweza kulijibu swali hilo. Hulijibu jaribio.

Jaribio likafanyika Aceh, ncha ya kaskazini ya kisiwa cha Sumatra. Wenyeji huiita nchi yao Serambi Mekkah, baraza ya Makka, kwa kuwa mahujaji wa visiwa vile walikuwa wakipandia vyombo huko. Vijiji 450 vilichaguliwa, vikapigiwa kura. Vijiji 229 watoto wake wakapewa kidonge cha vitamini A, kisha kingine baada ya miezi 6. Vijiji 221 vikangoja mwaka mmoja. Watoto waliohesabiwa mwanzoni na mwishoni walizidi 25,000. Kura ndiyo siri ya jambo hili: umaskini, maji machafu na mbali ya zahanati viligawanyika sawasawa pande zote mbili, na kilichobaki kuwatenganisha ni kidonge.

Matokeo yalichapishwa mwaka 1986. Kati ya watoto 10,919 wa umri wa mwaka 1 hadi chini ya 6 katika vijiji vilivyopewa, walikufa 53. Kati ya watoto 10,231 wa umri huo katika vijiji vilivyongoja, walikufa 75. Asiyependa hesabu na ashike hili: palipokuwa na vifo vitatu, kimoja hakikutokea. Na kidonge chenyewe bei yake ni senti chache tu za dola.

Sommer alirudi pia katika maktaba, na huko akakuta kwamba wazee walikuwa wamekwisha kuligusa. Huko Copenhagen, wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza, daktari Carl Bloch aliona watoto walionyimwa maziwa yenye mafuta na siagi wakiumwa macho na kushambuliwa na maradhi mengine. Mjini London, mwaka 1932, daktari Joseph Ellison aliwagawa wagonjwa 600 wa surua mafungu mawili ya 300. Waliopewa vitamini A pamoja na tiba ya kawaida walikufa 11, wasiopewa walikufa 26. Kisha zikaja dawa mpya za kuua vijidudu, ulimwengu wa matajiri ukala ukashiba, na makala hizo zikafunikwa na vumbi kwa miaka 50.

Surua hiyo hiyo ikaileta habari karibu na kwetu. Katika hospitali ya Mvumi, mkoa wa Dodoma nchini Tanzania, madaktari Barclay na Foster, pamoja na Sommer, waliwajaribu watoto 180 waliolazwa kwa surua. Karibu wote damu zao zilikuwa na upungufu mkubwa wa vitamini A. Watoto 88 wakapewa matone siku ya kwanza na siku ya pili, juu ya tiba ya kawaida, wakafa 6. Kati ya 92 waliopata tiba ya kawaida peke yake walikufa 12. Kwa walio chini ya miaka 2 tofauti ilikuwa kubwa zaidi: upande mmoja kilitokea kifo 1, upande wa pili 7. Hayo yalichapishwa mwaka 1987, na mwaka huo huo Shirika la Afya Duniani na UNICEF wakashauri watoto wenye surua wapewe vitamini A mahali ambapo upungufu wake unajulikana. Mwaka 1990 madaktari wa Cape Town wakapata matokeo kama hayo: kati ya 92 waliopewa walikufa 2, kati ya 97 wasiopewa walikufa 10.

Tulipozisoma tarehe hizi mara ya kwanza tulikaa tukahesabu miaka. Mtoto wa chuoni kwetu alizikwa baada ya Mvumi.

Isidhaniwe kwamba tangu hapo wataalamu wote walikubaliana. Majaribio mengine yalifuata katika nchi mbalimbali. Tamil Nadu, kusini mwa India, vifo vilipungua kwa zaidi ya nusu. Nepal, karibu theluthi. Ghana, karibu humusi. Lakini huko Hyderabad na Sudan hapakuonekana faida. Majaribio yalipokusanywa na kupimwa kwa pamoja mwaka 1993, wastani ulikuwa kupungua kwa vifo kwa asilimia 23. Miaka 20 baadaye, matokeo ya jaribio kubwa kuliko yote, la watoto wapatao milioni moja kaskazini mwa India, yakaonyesha faida ndogo sana. Wengine, Sommer akiwa mmoja wao, wakahoji kama matone kweli yaliwafikia watoto walioandikwa. Mjadala huo ni wa haki, na faida bila shaka hutofautiana baina ya mahali na mahali: penye mboga, mayai na chanjo ya surua, tone halina kazi kubwa, penye uhaba huokoa roho. Sommer mwenyewe alikuwa mkuu wa skuli ya afya ya jamii ya Johns Hopkins tangu 1990 hadi 2005, na mwaka 1997 alitunukiwa Tuzo ya Lasker, ambayo Marekani ni miongoni mwa heshima kubwa kabisa za utabibu.

Turudi nyumbani. Hapa Kenya mtoto hupewa tone la kwanza akitimiza miezi 6, kisha kila baada ya miezi 6 mpaka akaribie miaka 5. Cha buluu ni cha walio chini ya mwaka, chekundu, chenye nguvu maradufu, ni cha waliofikisha mwaka na zaidi. Zile wiki za Malezi Bora za mwezi wa Mei na Novemba zimewekwa kwa ajili hiyo na mengineyo. Tatizo tunaloliona mitaani petu ni kwamba mama huenda kliniki kwa bidii mpaka chanjo za surua zimalizike, kisha kitabu hufungwa kabatini, na mtoto harudi ila akiugua. Ukilifungua kabati leo ukakuta tarehe ya mwisho ya vitamini A imepita miezi 6, na mwanao hajatimiza miaka 5, huna haja ya kungoja Mei wala Novemba. Mchukue, na kitabu chake.

Ila tone hilo lisinunuliwe likatolewa nyumbani, wala lisirudiwe kabla ya wakati wake kwa kudhani kwamba wingi ni bora. Vitamini A hubaki ndani ya ini, na ikizidi hudhuru. Mama mjamzito asikiguse kidonge cha mtoto. Kipimo kikubwa huweza kumharibu aliye tumboni.

Katika chakula hakuna hofu hiyo kwa mtoto, na hapa wazee wetu walitutangulia. Mchicha, kisamvu, majani ya kunde na ya maboga, boga lenyewe, embe bivu, papai, viazi vitamu vyenye nyama ya rangi ya chungwa: vyote mwili huvigeuza vitamini A, na huvigeuza vizuri zaidi vikiliwa na mafuta. Mchicha wa nazi, basi, umepikwa sawa kuliko mchicha wa kuchemsha. Mayai, maziwa na ini huitoa vitamini ikiwa tayari. Hata ile sifa, mafuta ya ini la papa ambayo mabaharia walikuwa wakipaka majahazi na harufu yake ikajaa bandari nzima, ilikuwa hazina ya vitamini hii. Kabla ya viwanda kujua kuitengeneza, mataifa yalikuwa yakiwavua papa kwa ajili ya maini yao.

Neno moja zaidi kuhusu retina. Si kila kutoona usiku ni njaa ya vitamini. Yako maradhi ya retina yanayorithiwa katika koo, ambayo huanza kwa kutoona gizani, kisha uwanja wa macho ukawa mwembamba mwaka hata mwaka. Mtoto aliyepewa matone na asione nafuu, au aliye na ami au mjomba aliyepoteza macho ujanani, apelekwe kwa daktari wa macho atazamwe ndani ya jicho. Na katika maradhi hayo mama asitupiwe lawama. Urithi huo huweza kutoka pande zote mbili.

Siku hizi, mzazi akija kumwandikisha mtoto chuoni kwetu, tunaandika jina, umri na mahali anapokaa, kisha tunauliza: akiingia magharibi, hutembeaje? Wengi hucheka, wakasema hutembea kama jini. Mwezi uliopita mama mmoja hakucheka. Alimtazama mwanawe, akasema kwamba jioni humshika kanga asimwache. Tulimwandikia karatasi ya kwenda nayo kliniki asubuhi yake, na jioni ile mtoto tukamkalisha chini ya taa.